Kugeuza klasi kuwa skima ya kanzidata: hatua kwa hatua, kwa mfano wa AMCOS ya kakao Kyela

Ukimaliza kuandika klasi ya `Mkulima` kwa Python, ni rahisi kuamini kwamba kazi ya skima, yaani muundo wa majedwali ya kanzidata, nayo imekwisha. Bado. Klasi inaishi ndani ya programu yako. Programu ikizimwa, kinachobaki kwenye seva ni majedwali, na majedwali hayajui chochote ulichoandika kwenye klasi isipokuwa kile kilichogeuzwa kuwa SQL, lugha ya kanzidata. Siku mtu atakapoingiza data kwa njia nyingine, kwa mfano faili la Excel lililotoka ofisi ya chama, ni jedwali peke yake litakaloamua kipi kipite na kipi kikataliwe.

Natumia mfano wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) cha kakao Kyela kwa sababu vijana wengi wanaosomea kompyuta hapa Mbeya huombwa kutengeneza mifumo ya aina hii. Kakao ya Kyela, Rungwe na Busokelo huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo wake chamani, unapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unaingia ghalani, unauzwa kwa mnada, kisha fedha zinamrudia baada ya makato. Kilo zikipotea kwenye jedwali, aliyepoteza ni mzazi aliyekuwa akisubiri hela hiyo alipe ada.

Vifaa ni Python 3.10 au mpya zaidi, PostgreSQL (kanzidata yenyewe), na maktaba mbili: SQLAlchemy ya kuunganisha klasi na majedwali, iliyoanzishwa na Mike Bayer na kutoka mara ya kwanza mwaka 2006, pamoja na Alembic ya kusimamia mabadiliko ya majedwali. Mifano yote inafuata mtindo wa SQLAlchemy 2.0, toleo la Januari 2023.

```
pip install sqlalchemy alembic "psycopg[binary]"
```

Hatua ya 1: Anza na daftari la mizani

Kabla ya kufungua kompyuta, nenda ukakae na karani wa chama siku ya mapokezi. Msalimie, omba ruhusa, fungua daftari lake na usome kurasa kadhaa za nyuma. Utaona vichwa vya safu vilivyopigwa kwa rula: tarehe, namba ya uanachama, jina, kata, kilo, namba ya stakabadhi, sahihi. Hizo ni safu zako za kwanza, na zimeshajaribiwa kwa misimu mingi.

Uliza hasa kuhusu makosa. "Mama, kilo zikiandikwa vibaya mnafanyaje?" Jibu utakalopata mara nyingi ni hili: "Hatufuti, mwanangu. Tunapiga mstari, tunaandika upya chini yake, mkulima anasaini tena." Hapo umepewa kanuni nzima ya kanzidata: pokezi lililosajiliwa halibadilishwi, bali linaandikwa jipya linalosema linachukua nafasi ya lipi. Kanuni hiyo hutaipata kwenye mafunzo yoyote ya Python.

Angalia pia majina. Utakuta akina Mwakyusa wengi kwenye ukurasa mmoja, wengine wakifanana hata jina la kwanza. Kwa hiyo jina haliwezi kuwa kitambulisho. Namba ya uanachama inaweza. Na kata imeandikwa "Ipinda" hapa, "IPINDA" pale, "Ipinda kati" kwingine. Ukiiacha kama maandishi huru, ripoti itahesabu kata moja mara tatu. Ipe jedwali lake.

Hatua ya 2: Andika klasi

```python
from datetime import date
from decimal import Decimal
from sqlalchemy import (CheckConstraint, ForeignKey, MetaData,
                        Numeric, String, func)
from sqlalchemy.orm import (DeclarativeBase, Mapped,
                            mapped_column, relationship)

class Base(DeclarativeBase):
    metadata = MetaData(naming_convention={
        "ix": "ix_%(column_0_label)s",
        "uq": "uq_%(table_name)s_%(column_0_name)s",
        "ck": "ck_%(table_name)s_%(constraint_name)s",
        "fk": "fk_%(table_name)s_%(column_0_name)s_%(referred_table_name)s",
        "pk": "pk_%(table_name)s",
    })

class Kata(Base):
    __tablename__ = "kata"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    jina: Mapped[str] = mapped_column(String(60), unique=True)

class Mkulima(Base):
    __tablename__ = "wakulima"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    namba_uanachama: Mapped[str] = mapped_column(String(20), unique=True)
    jina: Mapped[str] = mapped_column(String(120))
    simu: Mapped[str | None] = mapped_column(String(15))
    kata_id: Mapped[int] = mapped_column(ForeignKey("kata.id"), index=True)

    mapokezi: Mapped[list["Pokezi"]] = relationship(back_populates="mkulima")

class Pokezi(Base):
    __tablename__ = "mapokezi"
    __table_args__ = (CheckConstraint("kilo > 0", name="kilo_chanya"),)

    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    mkulima_id: Mapped[int] = mapped_column(
        ForeignKey("wakulima.id", ondelete="RESTRICT"), index=True)
    stakabadhi: Mapped[str] = mapped_column(String(20), unique=True)
    kilo: Mapped[Decimal] = mapped_column(Numeric(8, 2))
    tarehe: Mapped[date] = mapped_column(server_default=func.current_date())
    badala_ya_id: Mapped[int | None] = mapped_column(
        ForeignKey("mapokezi.id"), unique=True)

    mkulima: Mapped["Mkulima"] = relationship(back_populates="mapokezi")
```

Kile kipande cha `naming_convention` hapo juu usikiruke. Kinatoa majina yanayotabirika kwa masharti yote ya kanzidata. Bila hicho, baadhi ya masharti hupewa majina na kanzidata yenyewe, na siku unapotaka kuliondoa sharti moja utaanza kulitafuta kwa tochi.

Hatua ya 3: Pima kila safu kwa maswali mawili

Swali la kwanza: je, inaweza kuwa tupu (`NULL`)? Katika mtindo wa 2.0, `Mapped[str]` inazaa safu isiyokubali utupu, na `Mapped[str | None]` inazaa inayokubali. Simu nimeiacha ikubali kwa sababu wapo wazee wasio na simu, na ukiwalazimisha karani ataandika sifuri kumi ili apite. Waliojifunza mtindo wa zamani wa `Column(String)` wawe macho: huko, usiposema kitu, safu inakubali utupu. Django, mfumo mwingine wa Python unaogeuza klasi kuwa majedwali, ni kinyume chake.

Swali la pili: ni aina gani? Hapa ndipo fedha za watu hupotelea. Usitumie `float` kwa kilo wala kwa shilingi. Andika `0.1 + 0.2` kwenye Python uone jibu: 0.30000000000000004. Kwenye pokezi moja huoni tofauti, lakini kwenye jumla ya msimu mzima daftari la karani na skrini yako vitagombana, na wakulima wataamini daftari, kwa haki kabisa. `Numeric(8, 2)` inabeba hadi 999,999.99, inatosha kwa kilo za mtu mmoja. Kwa thamani ya mnada mzima tumia `Numeric(14, 2)`. Usiweke `Integer` ya kawaida, kwa sababu kwenye PostgreSQL inaishia 2,147,483,647, na mzigo mkubwa wa kakao unaweza kuvuka shilingi bilioni mbili.

Namba ya simu si namba ya hesabu. Ukiiweka kama `Integer`, sifuri ya mwanzo ya 07 au 06 inapotea. Ihifadhi kama maandishi. Ikiandikwa kwa +255 inachukua herufi 13.

Kisha kuna tofauti ambayo wengi hawaijui hadi siku data inapoingia kwa mlango wa nyuma: `default` na `server_default`. Ya kwanza inafanywa na Python, kwa hiyo haiingii kabisa kwenye skima. Ya pili inaandikwa kwenye jedwali. Ukitumia `default=date.today` kisha ukaingiza Excel ya chama kwa amri ya `\copy` ya psql (programu ya kuipa PostgreSQL amri moja kwa moja), Python haihusiki, na safu ya tarehe haipati thamani. Hali ni hiyo hiyo kwa ukaguzi unaoandika ndani ya klasi kwa `@validates`: unafanya kazi pale tu klasi inapotumika. Ukaguzi wa Python uwepo, maana unampa mtumiaji ujumbe mzuri, lakini kanuni isiyotakiwa kuvunjwa kamwe iandikwe kama sharti la jedwali, kama nilivyofanya kwa `kilo > 0`.

Angalizo dogo kuhusu `CHECK`: sharti likipata utupu haliwi uongo, kwa hiyo linapitisha. `kilo > 0` haizuii kilo tupu. Kinachozuia ni `NOT NULL`. Vinahitajika vyote viwili.

Hatua ya 4: Mahusiano

`relationship()` haitengenezi safu yoyote. Ni njia ya Python ya kutoka kwa mkulima hadi kwenye mapokezi yake. Kinachoonekana kwenye jedwali ni `ForeignKey`, yaani ufunguo wa kigeni, na huo unakaa upande wa wengi: mkulima mmoja ana mapokezi mengi, basi `mkulima_id` iko kwenye `mapokezi`.

Nimeongeza `index=True` kwa makusudi. PostgreSQL haiweki indeksi yenyewe kwenye safu ya ufunguo wa kigeni, tofauti na MySQL ya InnoDB. Bila indeksi, kila mkulima anapoulizia salio lake kanzidata inalipitia jedwali zima la mapokezi.

`ondelete="RESTRICT"` inamaanisha mkulima mwenye mapokezi hafutiki. Usiweke `CASCADE` hapa, hata kama mfano uliouona mahali ulikuwa nayo. Mtu akihama chama, ongeza safu ya hali ya uanachama na umwandike kuwa si mwanachama tena. Kumbukumbu za kilo zake zibaki.

`badala_ya_id` ndiyo ile kanuni ya karani. Inaelekeza kwenye jedwali lile lile, inakubali utupu kwa sababu mapokezi mengi hayarekebishi lolote, na `unique=True` inahakikisha pokezi moja halirekebishwi mara mbili sambamba. PostgreSQL haihesabu utupu kuwa marudio, kwa hiyo mistari mingi mitupu haisumbui.

Uhusiano wa wengi kwa wengi unakuja ukifika kwenye mnada. Kilo za pokezi moja zinaweza kugawanyika kwenye minada miwili, na mnada mmoja una mapokezi ya watu wengi. Mafunzo mengi yatakuonyesha `secondary=`, yaani jedwali la kati lisilo na klasi. Hapa halifai, kwa sababu uhusiano wenyewe una kitu cha kusema: ni kilo ngapi za pokezi hili zilikwenda kwenye mnada huu. Andika klasi kamili, tuiite `Mgao`, yenye `pokezi_id`, `mnada_id` na `kilo`, na funguo hizo mbili za kigeni ziwe kwa pamoja ufunguo mkuu.

Hatua ya 5: Chapisha SQL uisome kabla ya kuiendesha

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke hata ukiwa na haraka. Wengi huenda moja kwa moja kwenye `Base.metadata.create_all(engine)`. Badala yake, toa kwanza maandishi ya SQL:

```python
from sqlalchemy.schema import CreateTable
from sqlalchemy.dialects import postgresql

for jedwali in Base.metadata.sorted_tables:
    print(CreateTable(jedwali).compile(dialect=postgresql.dialect()))
```

Kwa jedwali la mapokezi utaona hivi:

```sql
CREATE TABLE mapokezi (
    id SERIAL NOT NULL,
    mkulima_id INTEGER NOT NULL,
    stakabadhi VARCHAR(20) NOT NULL,
    kilo NUMERIC(8, 2) NOT NULL,
    tarehe DATE DEFAULT CURRENT_DATE NOT NULL,
    badala_ya_id INTEGER,
    CONSTRAINT pk_mapokezi PRIMARY KEY (id),
    CONSTRAINT ck_mapokezi_kilo_chanya CHECK (kilo > 0),
    CONSTRAINT fk_mapokezi_mkulima_id_wakulima
        FOREIGN KEY(mkulima_id) REFERENCES wakulima (id) ON DELETE RESTRICT,
    CONSTRAINT uq_mapokezi_stakabadhi UNIQUE (stakabadhi),
    CONSTRAINT fk_mapokezi_badala_ya_id_mapokezi
        FOREIGN KEY(badala_ya_id) REFERENCES mapokezi (id),
    CONSTRAINT uq_mapokezi_badala_ya_id UNIQUE (badala_ya_id)
)
```

Mpangilio wa mistari ya masharti unaweza kutofautiana kidogo; yaliyomo ndiyo muhimu. Soma mstari kwa mstari ukiwa na picha ya daftari pembeni. Kila kanuni uliyoisikia kwa karani iwe na mstari wake. Isiyo na mstari haipo, hata kama klasi yako inaitaja. Indeksi hazionekani hapa kwa sababu zinatolewa kama amri za pekee za `CREATE INDEX`, basi usishtuke.

Wa Django wana njia fupi zaidi: `python manage.py makemigrations`, kisha `sqlmigrate` ikifuatiwa na jina la programu na namba ya migresheni, yaani faili la mabadiliko ya majedwali. Mkumbuke kwamba `default` ya Django nayo ni ya Python. Ya kwenye kanzidata inaitwa `db_default` na ilikuja na Django 5.0.

Urithi, kwa ufupi

Wakulima wengi wa Kyela wanalima mpunga pia, na chama kikipokea mazao yote mawili utatamani klasi ya `Pokezi` yenye watoto wawili. SQL ya kawaida haina urithi wa namna hiyo, kwa hiyo unachagua: jedwali moja lenye safu ya `aina`, au jedwali la mzazi na la kila mtoto yakiunganishwa kwa ufunguo, au majedwali kamili yaliyotengana. Ushauri wangu ni jedwali moja, mradi tofauti ni safu chache. Hasara yake ni kwamba safu za mtoto mmoja lazima zikubali utupu, mfano `unyevu` unaopimwa kwa kakao. Hasara hiyo inazibika:

```python
CheckConstraint("aina <> 'kakao' OR unyevu IS NOT NULL",
                name="kakao_ina_unyevu")
```

Hatua ya 6: Peleka mabadiliko kwa Alembic

`create_all` inatengeneza majedwali yasiyokuwepo tu. Ukiongeza safu kwenye klasi ya jedwali lililopo, haitagusa kitu na haitakwambia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza tumia migresheni:

```
alembic init migresheni
alembic revision --autogenerate -m "majedwali ya mwanzo"
alembic upgrade head --sql
```

Kabla ya amri ya pili, weka anwani ya kanzidata kwenye `alembic.ini`, na kwenye `env.py` leta `Base` yako kisha uandike `target_metadata = Base.metadata`. Amri ya tatu, ikiwa na `--sql`, haiendeshi chochote, inachapisha tu. Isome, kisha iendeshe bila `--sql`.

Faili linalotengenezwa lenyewe ni rasimu, na lina upofu wake. Ukibadili jina la safu kutoka `simu` kuwa `namba_simu`, Alembic inaona safu moja imeondoka na nyingine imekuja, kwa hiyo inaandika `drop_column` na `add_column`. Ukiendesha hivyo, namba zote za simu zimekwenda. Badilisha kwa mkono:

```python
op.alter_column("wakulima", "simu", new_column_name="namba_simu")
```

Usiitegemee pia kuona sharti la `CHECK` uliloongeza baadaye. Liandike mwenyewe kwa `op.create_check_constraint`. Na ukiongeza safu isiyokubali utupu na isiyo na `server_default` kwenye jedwali lenye data, PostgreSQL itakataa. Iongeze kwanza ikiwa inakubali, ijaze kwa `UPDATE`, ndipo uifunge kwa `nullable=False`.

Hatua ya 7: Jaribu kuivunja

Jaribu kwenye PostgreSQL halisi. Najua ofisi nyingi za chama zina laptop moja na umeme wa kukatika, na SQLite, kanzidata ya faili moja, ni nyepesi kuibeba, lakini SQLite hailindi funguo za kigeni mpaka uiambie `PRAGMA foreign_keys = ON` kwenye kila muunganisho, na haijali urefu ulioandika kwenye `VARCHAR(20)`. Jaribio linalopita huko halithibitishi skima yako.

Fungua psql, si Python, kisha jaribu kuingiza pokezi la kilo hasi, pokezi la mkulima asiyekuwepo, stakabadhi iliyokwisha kutumika, na kumfuta mkulima mwenye mapokezi. Yote manne lazima yakataliwe, na ujumbe wa kosa utaje jina la sharti, mfano `ck_mapokezi_kilo_chanya`. Kisha ingiza pokezi halali bila kutaja tarehe uone kama inajijaza. Seva ikiwa kwenye saa za UTC, kumbuka iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Weka `timezone` ya kanzidata kuwa `Africa/Dar_es_Salaam`.

Yakipita, nakili ukurasa mmoja wa daftari la karani kwenye mfumo, mstari kwa mstari, pamoja na ile iliyopigwa mstari na kuandikwa upya. Jumlisha kilo kwa SQL ukiacha mapokezi ambayo `id` yake imetajwa kwenye `badala_ya_id` ya mwenzake, na ulinganishe na jumla iliyo chini ya ukurasa. Zikilingana, chukua nakala ya kanzidata kwa `pg_dump -Fc`, kisha endesha `alembic upgrade head` kwenye seva ya chama jioni, mizani ikiwa imeshafungwa.